Tuwahoji Waliofungua na Kufunga Mipaka Yetu

Novemba 30, 1999, marais watatu waliketi Arusha wakatia saini Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki: Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni. Moi alifariki Februari 2020. Mkapa akafariki Julai mwaka huohuo. Katika watatu wale amebaki mmoja.

Mkapa alituachia kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2019, na tunamshukuru kwa hilo. Lakini mtu anayeandika maisha yake huchagua mwenyewe pa kusimama na pa kuruka. Hakuna aliyeketi mbele yake kila alipomaliza sura akamuuliza: Mheshimiwa, hapa umesema mlikubaliana. Nani alikuwa hataki? Alibadilishwa na nini? Maswali ya namna hiyo ndiyo ninayoyaombea nafasi leo, kwa sababu wenye majibu wanazeeka, na sisi tunawaacha wazeeke na majibu yao.

Mimi ni mtu wa mizigo. Nilianza kazi nikiwa karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, nikihangaika na makaratasi ya mizigo ya transiti iliyokuwa ikienda Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Baadaye nikasomea uchumi wa usafirishaji, na sasa nafundisha na kufanya utafiti. Nimeuona mpaka nikiwa dirishani, pale dereva anapoambiwa mfumo uko chini asubiri, na nimeuona nikiwa sebuleni kwa makatibu wakuu wastaafu, nikinywa chai na kuwasikiliza. Swali lililonitoa dirishani likanipeleka sebuleni ni moja: kwa nini mpaka huu unafunguka na ule unaganda, wakati mkataba ni uleule?

Chukua Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda. Mwishoni mwa Februari 2019 malori yaliyozoea kupita pale kwenda Kigali yalizuiwa. Sababu ya kwanza kutangazwa ilikuwa ujenzi wa kituo: wenye malori wapitie Mirama Hills na Kagitumba mpaka kazi iishe. Mpaka ule haukufunguliwa tena kwa kudumu hadi Januari 31, 2022. Agosti 2019 marais wa nchi hizo mbili walikutana Luanda wakatia saini makubaliano, na malori yakaendelea kuzunguka. Rwanda ilipokuja kutangaza kufungua, tangazo lake lilitaja ziara ya Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, aliyekuwa amekwenda Kigali siku chache kabla kuonana na Rais Kagame. Kwa muda wote ule nchi zote mbili zilikuwa wanachama wa Jumuiya moja na zimefungwa na Itifaki moja ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010. Barabara haikuhama. Anayetaka kuieleza Gatuna kwa kilomita za lami na idadi ya mizani atachoka bure. Itabidi awaulize watu: waliokuwa chumbani, waliobeba ujumbe, na waliojua tangu siku ya kwanza kwamba ujenzi haukuwa sababu pekee.

Taarifa za pamoja zinazotolewa baada ya vikao vya wakuu wa nchi hazitufikishi huko. Nimezisoma kwa miaka. Mkutano ulipokea ripoti. Mkutano ulizingatia maendeleo yaliyofikiwa. Mkutano uliagiza Baraza la Mawaziri liharakishe. Lakini Mkutano hauna jina, hauna hasira, wala haukabiliwi na uchaguzi mwakani. Agizo moja likirudiwa katika taarifa tatu mfululizo, ujue yupo mtu aliyelikalia, na taarifa haitakuambia ni nani wala alikuwa na hoja gani. Na mara nyingine alikuwa na hoja nzuri! Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Tumewaita watu wengi wapinga muungano bila kuwapa nafasi ya kueleza walichokiona.

Njia ya kuwahoji wakubwa ili kuelewa uongozi wao si ngeni kwetu. Juni 5, 1963, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Haikuwa. Joseph Nye, kijana wa Kimarekani aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu Harvard, alikuja Afrika Mashariki kuzungumza na wanasiasa na maofisa, na mwaka 1965 akatoa kitabu kuhusu Umajumui wa Afrika na muungano wetu. Jumuiya ya 1967 nayo ilipovunjika mwaka 1977, aliyesuluhisha mgawanyo wa mali na madeni, reli zikiwamo, alikuwa Mswisi, Victor Umbricht. Makubaliano yalitiwa saini 1984, naye akaandika kitabu. Nimejifunza mengi kwa wote wawili na sina kinyongo na wageni waliofanya kazi yao vizuri. Kwa upande wetu Edwin Mtei, Katibu Mkuu wa mwisho wa Jumuiya ile, aliandika kumbukumbu zake, na kila mwanafunzi wangu huzisoma. Lakini baada ya Mtei, nani? Wako wapi mameneja wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, wahandisi wa njia ya Voi kwenda Moshi, makarani walioorodhesha injini na mabehewa? Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Aliyekuwa na miaka 35 siku ulipofungwa, leo amevuka 80.

Tusidhani kwamba ni habari za kale tu. Juni 2013 marais wa Uganda, Kenya na Rwanda walikutana Entebbe na kuanza mpango wao wa miradi ya Ushoroba wa Kaskazini: reli ya kisasa, bomba la mafuta, himaya moja ya forodha. Tanzania na Burundi hazikuwapo. Novemba mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete alisimama bungeni Dodoma akaeleza masikitiko ya Tanzania kutengwa, na akasema wazi kwamba hatutoki katika Jumuiya. Miaka mitatu haikutimia mambo yakageuka. Aprili 2016 Uganda ilitangaza kwamba bomba la mafuta yake litapita Tanzania hadi Tanga, na mwaka huohuo Rwanda ikageukia njia ya reli ya Isaka, nayo ya Tanzania. Kenya ikazindua reli yake ya Mombasa hadi Nairobi Mei 2017, ikaifikisha Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019, na hapo ikasimama. Sisi tukajenga yetu ya umeme, na abiria wakaanza kuipanda hadi Dodoma mwaka 2024. Zote mbili zina upana wa milimita 1,435. Hazikutani popote.

Wachumi wameeleza mabadiliko hayo kwa gharama, kwa mikopo, kwa usalama wa njia na kwa urahisi wa kupata ardhi. Sipingi hata moja. Ninachotaka kujua hakimo katika hesabu hizo. Jina la Tanga lilitajwa na nani kwanza, na katika kikao gani? Ripoti ya wataalamu iliingia chumbani kabla ya uamuzi, au iliandikwa kuupamba uamuzi uliokwisha kufanyika? Je, kuna mhandisi yeyote wa Nairobi aliyewahi kumpigia mwenzake wa Dar es Salaam kumuuliza reli zetu zitakutana wapi? Hakuna jedwali litakalojibu hayo. Yuko mtu, au watu wanne au watano, na wengi wao bado wana nguvu za kupokea mgeni.

Kumhoji mkubwa kuna adabu yake na kuna ufundi wake. Adabu sisi tunaijua tangu nyumbani. Unafika mapema, unaamkia, unauliza hali ya familia, hutoi kinasa sauti kabla hujaombwa kukaa. Ufundi ndio tunaokosea kuudharau. Mtu aliyekuwa waziri kwa miaka kumi amezoea kuhutubia, na nusu saa ya kwanza atakuhutubia. Mwache. Usimkatize, kwa sababu hotuba ile nayo ni ushahidi: inakuonyesha namna anavyotaka kukumbukwa. Ikiisha, uliza jambo dogo. Usimuulize alikuwa na maono gani kuhusu mtangamano wa kikanda, utapewa hotuba ya pili. Muulize alikaa kiti gani. Muulize nani alikuwa kulia kwake, kikao kiliisha saa ngapi, nani alibaki nyuma kuandika maazimio, na rasimu ya kwanza ilikuwa na kipengele gani ambacho hakikuonekana asubuhi yake. Mwanazuoni wa Marekani Lewis Anthony Dexter, aliyetoa kitabu kizima juu ya kazi hii mwaka 1970, alishikilia kwamba katika mahojiano ya namna hii mhojaji akubali kufundishwa na mhojiwa tatizo lenyewe ni lipi. Nimeliona hilo likifanya kazi.

Nilikuwa kwa katibu mkuu mstaafu mmoja wa nchi ya jirani, mzee mpole mwenye bustani ya migomba nyuma ya nyumba. Alikuwa amenipa yote yaliyomo katika taarifa rasmi, neno kwa neno. Nikatoa kwenye mkoba fomu ya zamani ya dhamana ya mizigo ya transiti, ile yenye nakala za karatasi nyembamba, niliyoitunza tangu ukarani. Akaishika, akaigeuza. Akacheka.

"Mwanangu, umeipata wapi hii?"

"Nilikuwa nazijaza, mzee. Dar es Salaam."

"Basi ninyi ndio mliokuwa mkitulaani."

"Tulikuwa tunawalaani, ndiyo."

Akaniambia nizime kinasa sauti, nikakizima. Kwa saa nzima iliyofuata alinieleza jinsi kikao cha wataalamu kilivyokwama kwa neno moja la ibara, wajumbe wote wakiwa wamekubaliana, kila mmoja akisubiri simu ya nyumbani impe ruhusa ya kusema amekubali. Alinitajia nani alisubiri zaidi, na kwa sababu gani. Yale yamo katika daftari langu yakiwa na alama ya kutotajwa, na sitayataja mpaka aniruhusu. Ila tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba ucheleweshaji mipakani ni uzembe wa maofisa wa chini. Ofisa wa dirishani mara nyingi amebanwa na simu ambayo haijapigwa.

Sasa nije kwenye hatari ya njia hii, maana wapo wenzangu vyuoni wanaoikataa wakisema wakubwa ni waongo. Si waongo kama inavyodhaniwa. Kinachotokea zaidi ni kwamba mkubwa hujisogeza karibu na mafanikio na kukaa mbali na hasara, na baada ya miaka kumi ya kusimulia hivyo huamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Dawa yake ni kutomhoji peke yake. Ukimsikia wa Kampala, mtafute aliyekaa mbele yake upande wa Nairobi. Wakitofautiana, umepata kitu. Wakilingana mno, hadi maneno, umepata kitu pia, kwa sababu pengine walikubaliana cha kusema.

Halafu nenda barabarani. Himaya moja ya forodha ilipoanza mwaka 2014, kodi ikawa inalipwa bandarini kabla mzigo haujaondoka, na viongozi walirudia majukwaani kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala imeshuka kutoka siku 18 hadi siku 4. Nayaheshimu mabadiliko yale, niliyaona kwa macho yangu, na yalikuwa makubwa. Lakini mtu wa mizigo huuliza saa ilianza kuhesabiwa wapi. Je, ni tangu meli ilipofunga gati, tangu mwenye mzigo alipolipa kodi, au tangu lori lilipotoka geti la bandari? Na ilisimama wapi, mpakani Malaba au bohari ya mwenye mali? Kila jibu linatoa idadi yake ya siku. Dereva atakuhesabia usiku aliolala kwenye foleni, wakala atakuhesabia siku za kusubiri nyaraka, kamishna atakuhesabia dakika za mfumo wake. Wote watatu wanasema kweli. Anayemhoji kamishna bila kumhoji dereva ataandika kitabu kizuri kuhusu mfumo wa kompyuta.

Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba kwa sababu ya ada ya kupimwa Korona ambayo Uganda iliweka, foleni ikaenda kilomita nyingi, na petroli ikaadimika Kampala. Nani alipitisha ada ile? Alimuuliza nani kabla? Hilo nalo ni swali la uongozi.

Ningependa pia tupanue maana ya mkubwa. Chini ya mpango wa himaya moja, maofisa wa mapato wa Uganda na Rwanda walihamia Mombasa na Dar es Salaam, wakawa wanafanya kazi ya serikali zao katika ardhi ya serikali nyingine. Fikiria uzito wa jambo hilo. Nchi zilizogombania mabehewa mwaka 1977 zinampa mtoza kodi wa jirani meza, kiti na mtandao ndani ya bandari yao. Hakuna rais aliyepanga meza zile. Walipanga wakuu wa idara, wanasheria waliotafuta ibara ya kuruhusu, na akina mama wa ofisi za uratibu walioandaa ratiba na kulainisha ugomvi wa vyumba. Mimi nawaita hao viongozi. Majina yao hayamo katika taarifa yoyote, na ningetoa vikao kumi vya mawaziri nimsikilize mmoja wao kwa mchana mmoja.

Kinachozuia kazi hii isifanywe na watu wetu si ukosefu wa hamu tu. Mtafiti wa Dar es Salaam anayetaka kuusoma ushoroba mmoja kutoka bandari hadi mwisho wake lazima apate kibali cha utafiti hapa. Akivuka kwenda Kenya anahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, Uganda kibali cha UNCST, baraza la sayansi la huko, na Rwanda kibali kingine tena. Kila kimoja kina fomu zake, ada zake, barua ya taasisi mwenyeji na muda wake wa kusubiri. Kontena la mitumba sasa linatembea kwa tamko moja la forodha. Mwanafunzi wangu mwenye daftari na kalamu hawezi. Nimeona vijana wenye vipaji wakiikata mada yao iishie mpakani, Namanga au Rusumo, kwa sababu tu muda wa masomo ungekwisha kabla kibali cha upande wa pili hakijatoka. Na wanapoikata hivyo wanapoteza kilicho muhimu kuliko vyote: sauti ya aliyekaa upande wa pili wa meza.

Tunalo Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala. Lilipe eneo hili kibali kimoja cha utafiti kwa raia wa Jumuiya, kinachotambuliwa na tume zote za sayansi. Lianzishe pia hifadhi ya sauti za watoa uamuzi wa usafirishaji, nakala moja ikae Arusha na nyingine katika kila nchi. Masharti yawe ya heshima: kila mzee ahojiwe na watafiti wawili wa nchi mbili tofauti, asomewe alichosema kabla hakijahifadhiwa, na achague mwenyewe kifungwe kwa miaka mingapi. Akisema ishirini, iwe ishirini. Ninajua kwa uzoefu kwamba mtu akihakikishiwa kufuli husema zaidi. Na katika hifadhi hiyohiyo, kwenye rafu hiyohiyo, ziwekwe sauti za madereva, mataniboi na mawakala wa tarehe zilezile, ili atakayekuja kumsikiliza waziri asiweze kumkwepa dereva.

Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kilomita moja ya reli. Wa 1977 ndio waanze, kwa sababu hao hawana muda. Kisha twende kwa waliokaa Entebbe Juni 2013, na swali la kwanza wanaloulizwa liwe hili: nani alitakiwa kuipigia simu Dar es Salaam, na kwa nini hakupiga?